Siku Niliyosafisha Jukwaa la Panzi

Mjukuu wangu tunamwita Panzi kwa sababu hakuwahi kutambaa. Watoto wa wenzetu walitambaa, wakasimama dede, wakaanza kutembea. Huyu aliruka kutoka mkekani akaangukia ndani ya ndoo. Alipofika umri wa kwenda chuo kikuu, mama yake akamuuliza anataka kusoma nini, naye akajibu, "Kucheza."

Mama yake ni binti yangu wa pekee, muuguzi wa wodi ya mifupa. Akamwambia, "Nimekuuliza unataka kusoma nini. Sijakuuliza unapenda nini."

Wakavutana wiki mbili nzima. Mimi nilikuwa upande wa mtoto kwa siri na upande wa mama hadharani, maana mama ndiye anayenipikia. Mwishowe wakakubaliana hivi: Panzi atasomea kucheza dansi ya jukwaani miaka mitatu, lakini asifeli hata mara moja. Akifeli, hakuna kurudia mwaka. Atavua viatu vya mazoezi, atavaa gauni jeupe, ataenda kusomea uuguzi kama watu wenye akili. Mama yake hakuwa anatania. Gauni lenyewe alishalishona, akalitundika nyuma ya mlango wa chumba cha mtoto, likawa linamtazama kila asubuhi.

Sasa mwaka wa tatu ndio wenye mtihani mkubwa, na mtihani wenyewe si wa karatasi. Kila mwanafunzi anatunga mchezo wake toka hatua ya kwanza hadi ya mwisho, anawafundisha wenzake, na siku ya maonyesho wanaucheza ukumbini mbele ya watu. Mtahini anatoka chuo kingine, anakaa mstari wa mbele na daftari lake. Chini ya maksi hamsini umefeli. Na sharti moja hawalichezei: kazi iwe yako mwenyewe. Ukiiba hata mkunjo wa kidole, umekwisha.

"Na wewe umetunga nini, mke mwenzangu?" nilimuuliza. Namwita mke mwenzangu kwa sababu marehemu babu yake alimpenda kunizidi, na mpaka leo sijamsamehe hata mmoja wao.

"Nimekutunga wewe, bibi."

Nikaacha kuchambua mchele. "Mimi?"

"Wewe na lile dirisha."

Hapo nikaelewa. Mwaka uliopita niliambiwa na ofisi fulani nikatafute cheti cha kuzaliwa. Nina miaka sabini na tatu, nimeishi bila cheti hicho na sikuwahi kushuku kwamba sijazaliwa. Tukaenda mimi na Panzi, tukapanga foleni. Kijana wa dirishani akaniuliza kama nina shahidi aliyekuwapo siku ninazaliwa. Nikamwambia alikuwapo mama yangu, ila siku hiyo alikuwa na shughuli nyingi, sidhani kama aliangalia tarehe. Hakucheka. Tulirudi pale mara kumi na moja. Mimi nilikuwa nahesabu vigae vya ukutani, kumbe mwenzangu alikuwa anatazama watu: huyu anavyohamisha uzito mguu huu kwenda ule, yule anavyonyoosha shingo kama bata aliyesikia jina lake.

Ndiyo akatunga mchezo wa watu saba kwenye foleni. Hakuna ngoma wala gitaa. Kuna sauti ya mihuri tu, pa! pa!, na kiti kinachoburutwa. Dirisha ni taa. Taa inamwangaza mtu, anahudumiwa, inazima, inamwangaza mwingine. Wa saba ni Panzi mwenyewe, akiwa mimi.

Moyo wangu ukajaa kama godoro jipya. Lakini nikawaza pia: nitachezwa mbele ya watu mia tatu. Je, nitachezwa juu ya sakafu ya namna gani?

Ukumbi ule naujua kuliko mwili wangu. Nimeufagia na kuupiga deki miaka thelathini na mmoja mpaka nikastaafu. Walionifuata wana mashine inayonguruma na kuzungukazunguka kama ng'ombe aliyefungwa, inalamba katikati na kuacha pembeni. Mimi nilikuwa napiga deki kwa magoti. Tafuta duniani mashine yenye magoti.

Siku ya maonyesho, ambayo yalikuwa yaanze saa kumi na moja jioni, mimi saa nane mchana nilikuwa mlangoni na kifuko changu. Mlangoni nilimkuta Funguo, mtunza ukumbi. Ana mvi sasa, lakini namna ya kushika fagio nilimfundisha mimi.

"Shikamoo mama. Mbona mapema? Milango haijafunguliwa."

"Marahaba. Kwani mimi nimekuja kuangalia mlango? Nifungulie nikae, miguu inauma."

"Kwenye kifuko kuna nini?"

"Dawa."

Haukuwa uongo mkubwa. Ndani mlikuwa na kisu cha mezani kisicho na makali, matambara matatu na chupa ya mafuta ya taa. Kwa sakafu hiyo ni dawa.

Akaenda zake kupanga viti vya nje. Watoto walikuwa wameshamaliza mazoezi, wamekwenda kujipaka rangi usoni. Nikapanda jukwaani peke yangu, nikaangalia chini, nikashika kiuno. Sakafu ilikuwa imebandikwa vipande vya tepu kutoka upande huu hadi ule! Saba, mstari mmoja, kila kimoja kimekatizwa mara mbili kama alama ya kuzidisha: chekundu, cha bluu, cha njano, cheupe katikati, kisha kijani, zambarau na machungwa. Nikasema, hawa watoto wamebandika plasta sakafuni utadhani sakafu imejikata. Na baadaye waje wageni, waje kina mama na vitenge vyao vipya, waone mimi nachezwa katikati ya matakataka?

Nikapiga magoti. Aliyewahi kupiga deki anajua kwamba hutambai kwenda mbele, ukakanyaga ulipokwisha safisha. Unarudi kinyumenyume, makalio yanatangulia, macho yanabaki kwenye kazi. Basi nikaanzia ukingoni, uso wangu unatazama viti vya watu, nikarudi nyuma polepole kuelekea ukutani. Kisu chini ya tepu, vuta, pangusa gundi kwa mafuta ya taa, kausha. Ilinichukua saa moja na nusu. Nilipomaliza, vile vipande nimevibiringisha kwenye mfuko wa gauni na jukwaa linang'aa mpaka niliona kidevu changu, nikajuta kukiona.

Nikashuka, nikakaa kiti cha tatu kutoka mbele, nikasinzia usingizi wa mtu mwema.

Kilichoniamsha ni ukelele.

"Ziko wapi? Jamani, ziko wapi?"

Panzi alikuwa katikati ya jukwaa, kajifunga mtandio kama wangu, kapakwa mikunjo usoni, mikono kichwani. Nyuma yake wachezaji wenzake sita, na mwalimu wao. Mwalimu huyo ni mwanamke mwembamba mwenye filimbi shingoni, wanafunzi wanamwita Mwalimu Tena kwa sababu hajui neno lingine. Wakati ule hata tena hakusema.

"Ziko wapi nini, mke mwenzangu?" nikauliza kutoka chini.

Akageuka. Akaniangalia. Akaangalia sakafu. Akavuta pumzi puani, na mafuta ya taa yalikuwa bado yananukia.

"Bibi. Usiniambie."

"Basi sikuambii."

"Bibi!"

"Nimesafisha kidogo tu."

Kijana mmoja mrefu, wanamwita Ngazi, akakaa chini palepale akajishika mashavu. Msichana mfupi akaanza kucheka kile kicheko cha msibani. Mwalimu Tena ndiye aliyenieleza, kwa upole wa mtu anayeongea na mbwa asiyemfahamu. Zile tepu hazikuwa takataka. Taa za juu zimeshafungwa, kila moja imeelekezwa mahali pake, na zile tepu zinaonyesha mahali penyewe. Gizani zinatoa mwanga kidogo, kama macho ya paka. Mchezaji anaingia giza likiwa totoro, anafuata rangi yake, anasimama juu yake, taa ikiwaka inamkuta.

"Kwa hiyo bila tepu?" nikauliza.

"Bila tepu," akasema Panzi, "taa inawaka hapa na mimi niko kule, na mtahini ananiandikia sifuri, na nyuma ya mlango wangu kuna gauni."

Siku zote mzaha wangu una mahali pa kukimbilia, siku ile ulikosa.

Wakaanza kubishana. Mmoja anasema nyekundu ilikuwa hapa, mwingine anasema hatua mbili mbele. Wakamwita Fundi Taa awawashie taa zote waone zinapoanguka. Alikuwa juu kabisa ya ngazi anabadilisha balbu ya mchezo wa kwanza, akajibu kwamba Mungu alimpa mikono miwili na yote ina kazi. Nje watu walishaanza kujaa, mlango unagongwa.

Nikatoa lile donge la tepu mfukoni. "Nipisheni. Nitazirudisha."

"Bibi, una hakika unakumbuka?"

"Uchafu niliouondoa kwa mkono wangu niusahau? Nazikumbuka kama meno yangu."

"Bibi, huna meno."

"Ndiyo maana. Kila moja najua lilipokuwa."

Akaniangalia, akanipa mkono nipande. Funguo akaleta gundi yake ya kubandikia matangazo. Nami nikapiga magoti, safari hii nikitambaa mbele kama mtu, naelekea ukutani, mgongo wangu kwa viti. Mbao za sakafu ile nazijua moja moja. Nyekundu: mkono wangu wa kushoto, ubao wa pili kutoka mwisho. Bluu: ubao wa tano. Nikabandika zote saba, mahali palepale, sikukosea hata unene wa kidole. Nikainuka nikajipangusa magoti.

"Hizo hapo," nikasema. "Nani kazeeka?"

Panzi akanibusu kwenye paji la uso. Mpaka leo busu lile linaniwasha.

Ukumbi ukajaa. Binti yangu akaja moja kwa moja kutoka zamu, na viatu vyake vya hospitali, akakaa kando yangu akaanza kunusanusa.

"Mama, unanuka jiko la mchina."

"Ni manukato mapya."

Mtahini alikuwa mstari wa mbele. Mwanamke mnene wa makamo, kimya, uso umefungwa kama duka siku ya hesabu. Kalamu yake niliiogopa kuliko sindano.

Wakaanza wengine. Kijana mmoja alijiviringisha kwenye magazeti akachanika polepole. Nikamuuliza binti yangu kama ndiyo kwisha au bado anafunguliwa. Akafuata msichana aliyecheza na kiti, na kwa kweli kiti kilicheza vizuri. Binti yangu alikuwa anaangalia magoti yao tu. "Yule ataletwa kwangu," akawa ananong'ona. "Na yule. Yule nampa miaka miwili."

Kisha wakamtaja Panzi. Giza likaingia. Gizani nikaviona vile vijitepu vyangu vinang'aa, saba, nikajisifu kimoyomoyo. Nyayo zikapita taratibu, kila mtu akaenda kwenye rangi yake.

Pa! Muhuri. Taa ya kwanza ikawaka mwisho wa mkono wangu wa kulia.

Ikaangaza sakafu. Sakafu safi, haina mtu.

Huko mwisho wa pili wa jukwaa, gizani, yule msichana mfupi alikuwa amesimama juu ya nyekundu yake, kanyoosha mkono wenye karatasi kwa dirisha ambalo halipo.

Kwanza sikuelewa. Nikafanya hesabu ya darasa la nne, ile ya kushoto na kulia. Wakati nang'oa nilikuwa natazama viti. Wakati nabandika nilikuwa natazama ukuta. Nyekundu niliikumbuka mkono wa kushoto, nikairudisha mkono wa kushoto. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimegeuka! Foleni yote ilikuwa imepinduka, wa mwanzo yuko mwisho na wa mwisho yuko mwanzo. Ila Ngazi, aliyekuwa na tepu nyeupe ya katikati. Yeye peke yake alikuwa mahali pake, akawa anawashangaa wenzake kama mtu aliyepanda gari sahihi lenye abiria wasio sahihi.

Nikajifunika mtandio usoni, nikaacha jicho moja tu.

Yule mfupi akaiona taa. Akaikimbilia, hatua ndogondogo, karatasi mbele. Alipofika, pa!, ikazima, ikawaka nyingine kwenye nafasi ya pili. Wa pili naye yuko upande ule mwingine, akaikimbilia, akagongana na wa kwanza anayerudi. Ukumbi ukatoa kicheko kimoja kifupi, kama chafya. Pa! Taa ya tatu. Sasa wanakimbia watatu. Nikamsikia Panzi ananong'ona kwa nguvu, "Ifuateni! Ifuateni tu!"

Ilipowaka ya katikati ikamkuta Ngazi kasimama wima juu ya nyeupe yake, akahudumiwa vizuri, akakunja karatasi yake na kutabasamu. Watu wakapiga meza, na meza hazikuwepo, wakapiga migongo ya wenzao. Maana wote wamewahi kusimama foleni, na wote wamemwona yule mtu mmoja ambaye dirisha linamkuta bila jasho. Wengine wanalifukuza, linahama. Wanalivizia, linawapiga chenga. Binti yangu, ambaye sikumsikia akicheka tangu apewe zamu za wodi ile, alikuwa anajifuta machozi kwa mkono wa sare.

Nikaushusha mtandio nione vizuri. Nikaona taa ya saba imewaka upande huu na Panzi yuko upande ule. Hakukimbia. Akaiangalia. Akaanza kuifuata kwa mwendo wangu, mguu wa kulia ukichelewa kidogo, mkono mmoja kiunoni, pole, pole. Alipobakiza hatua moja, pa! Giza.

Ukumbi ukasimama. Watu wanapiga makofi, wanapiga miluzi. Mtahini alikuwa ameweka kalamu chini ili acheke kwa mikono miwili.

Nikamwambia binti yangu, "Umeona? Mimi siku zote nilisema mtoto ana kipaji."

Lakini pale chuoni, mchezo ukiisha, mtunzi anabaki jukwaani na mtahini anamwuliza maswali mbele ya watu. Taa zikawashwa. Panzi akasimama, mikunjo ya rangi imeyeyuka mashavuni.

"Nimekaa kwenye viti hivi miaka ishirini," mtahini akasema. "Hili la dirisha linalowakimbia watu sijaliona popote. Foleni imepinduliwa, mmoja tu ameachwa mahali pake. Wazo hili ulilipataje?"

Panzi akaangalia tepu sakafuni.

Nikamwombea kimoyomoyo: mtoto, sema ulioteshwa. Sema ulikuwa unaoga. Sema chochote, hapo ulipo umeshafaulu na gauni tutalipasua vitambaa vya kudekia.

"Si langu," Panzi akasema.

Mwalimu Tena akafumba macho.

"Si lako? La nani?"

"Mimi sikutunga hivyo. Kwenye mchezo wangu dirisha halikimbii. Hiyo... hiyo ni ya bibi yangu. Alisafisha jukwaa, akang'oa tepu zetu, akazirudisha kinyume."

Kicheko kikapasuka huko nyuma. Mtahini akageuza shingo. "Bibi yuko ukumbini?"

Mimi nilikuwa tayari chini ya kiti.

"Yuko hapa," binti yangu akasema kwa sauti ya wodini. "Anatafuta kiatu."

Nikasimama. Watu mia tatu wananiangalia, na kwa mara ya kwanza kwenye ukumbi ule sina fagio la kuegemea.

"Mama," akasema mtahini, "wewe ndiye uliyezing'oa zile tepu?"

"Niling'oa uchafu, mheshimiwa. Kumbe ulikuwa na elimu."

"Na kuzipindua?"

"Kuzipindua sikuzipindua. Niligeuka mimi, zenyewe zikabaki vilevile."

Alitaka kucheka, nikamwona anaumauma mdomo. Kisha akafunga daftari, na uso ukafungwa nalo. "Basi nina tatizo. Nimeitwa nipime kazi ya mwanafunzi. Niliyoiona si kazi yake, na yeye mwenyewe amekiri. Kazi yake sijaiona. Nitaandika nini?"

"Andika ya kwanza, mwanangu," nikasema. "Tumekuruhusu."

"Bibi, kaa chini!" Panzi akasema. Hajawahi kuniambia hivyo maisha yake yote. Nikakaa. Naye akamgeukia mtahini. "Naomba uione. Sasa hivi. Tunahitaji dakika kumi tu za kubandika."

Mtahini akatazama saa, akamtazama Mwalimu Tena. Na Mwalimu Tena, nadhani kwa mara ya kwanza kwa furaha, akasema, "Tena."

Fundi Taa akawasha taa zote saba. Panzi akapiga magoti, akawa anahamisha tepu moja moja, anaiweka chini ya mwanga wake. Nilijikuta nainuka nikamsaidie, nikavutwa. Binti yangu alikuwa amekalia ncha ya mtandio wangu kwa uzito wake wote wa uuguzi.

"Mama, ukisogea nakutia plasta."

Nusu ya watu waliondoka. Waliobaki walibaki ili wacheke tena.

Hawakucheka. Taa ya kwanza iliwaka ikamkuta mtu, akapigwa muhuri, ikazima. Ya pili ikamkuta wa pili. Kijana mmoja nyuma yetu alianza kucheka kwa mazoea, akakimeza kicheko. Maana safari hii dirisha halikuwa na kosa lolote. Lilikwenda kwa utaratibu wake, na watu walikuwa wanazeeka. Sijui alifanyaje. Waliingia vijana, na kila muhuri ulipolia mabega yao yalishuka kidogo, mpaka Ngazi mwenyewe akawa mfupi.

Wa saba alisimama gizani muda mrefu. Ulimwona kwa shida, anageuza karatasi yake, anaisoma tena kama mtu asiyejua iliyoandikwa. Taa ikaja. Ikamwangaza yote. Naye, badala ya kunyoosha karatasi, akaanza kujiweka sawa. Akavuta mtandio. Akapangusa vumbi begani. Akalainisha gauni tumboni, akapanga vizuri kola ambayo haikuwepo. Na kabla hajamaliza, pa! Giza.

Binti yangu akanishika mkono gizani.

Hilo nililifanya kweli. Mara ya tisa ile, walipoliita jina langu, nilisema siwezi kwenda mbele ya serikali nimekaa hovyo. Nikajipanga, na dirisha likafungwa wakaenda kula. Njiani kurudi nililigeuza mzaha, nikamchekesha Panzi mpaka nyumbani. Nilidhani alikuwa anacheka.

Makofi safari hii hayakuwa na miluzi. Yalichelewa kuanza na yakachelewa kwisha. Mtahini aliandika kwa muda, akafuta, akaandika tena, kisha akamwita Panzi chini, karibu na sisi, na nilisikia kila neno kwa sababu nilikuwa nasikiliza kwa masikio yote.

"Katikati unarefusha," akamwambia. "Wa nne na wa tano wanafanya kitu kimoja. Sauti ya kiti inachosha. Mwisho ni mzuri sana. Sitini na tatu."

"Asante."

"Ile ya kwanza ningeipa themanini na tano. Nakwambia ili ujue."

"Najua," Panzi akasema.

Sitini na tatu. Nikahesabu vidoleni: imepita hamsini kwa kumi na tatu. Gauni limebaki bila mtu. Nikataka kupiga kigelegele, binti yangu akaniangalia, nikakipiga hivyohivyo.

Tulimsubiri kwenye korido akafute rangi. Alitoka na begi lake kubwa la viatu na mavazi, macho mekundu, amechoka kama punda wa chokaa.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "hebu nieleze, maana shule nimeishia darasa la saba. Mtu anakuwekea themanini na tano mkononi, wewe unasema si zangu, unalilia sitini na tatu. Hiyo ndiyo mnafundishwa chuo kikuu?"

"Zile zilikuwa zako, bibi. Mimi nilitaka za kwangu."

"Ningekukopesha."

Akacheka, halafu akalia kidogo, halafu akacheka tena. Mama yake alikuwa amesimama pembeni, anaiangalia miguu ya mwanawe, vidole vilivyovimba na plasta kisiginoni. Nikajua sasa atasema kitu cha mifupa. Akanyoosha mkono.

"Lete hilo begi nikubebee. Miguu hiyo ina kazi."

Panzi akamkabidhi polepole, kama mtu anayeogopa litarudishwa. Wakaanza kutembea bega kwa bega, nami nikawafuata nyuma. Kule mwisho wa korido nikaona karatasi mbili tatu za matangazo zimebandikwa ukutani, upande upande, gundi imevuja, na mkono wangu ukaanza kupapasa kisu ndani ya kifuko.

"Mama," binti yangu akasema bila kugeuka, "pita mbele, tukuone."